Tancut Almasi, Bendi ya Mkoa Wetu

Mkoa wa Iringa uliwahi kuwa na bendi kubwa ya dansi, yenye magitaa, tumba, ala za kupuliza na waimbaji wawili mapacha kutoka Zaire. Iliitwa Tancut Almasi Orchestra. Sisi wa Makambako tuliihesabu kuwa yetu bila kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa siku hizo Njombe ilikuwa wilaya ndani ya Mkoa wa Iringa. Mkoa wa Njombe ulizaliwa mwaka 2012, bendi ikiwa imeshanyamaza kitambo. Ukimkuta leo mtu wa makamo pale stendi, amejikunyata ndani ya koti kwa baridi ya Juni, mtajie nyimbo za bendi hiyo, Masafa Marefu au Butinini. Kabla hajakujibu atakuuliza wewe umezijulia wapi, na ukishamjibu, jiandae kukaa.

Naandika kwa sababu naona bendi hii inasahauliwa isivyo haki. Kila inaposimuliwa historia ya dansi ya Tanzania, habari huanzia Dar es Salaam na kuishia Dar es Salaam: Msondo, Sikinde, Marijani Rajab na Dar International, Maquis, Vijana Jazz. Msimulizi akiwa mkarimu ataongeza Morogoro ya Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, na Tabora ya Tabora Jazz. Nyanda za Juu Kusini tunatajwa kwa mahindi, viazi, mbao na chai. Nasi tulikuwa na muziki, tena muziki uliowatoa watu machozi, na waliousikia bado wapo.

Jina la bendi lilitokana na kazi. Tancut ilikuwa kampuni ya umma yenye kiwanda cha kukata na kung'arisha almasi mjini Iringa, wakati almasi zenyewe zilichimbwa mbali kabisa, Mwadui, Shinyanga. Vijana wa Iringa walikaa kwenye meza za kiwanda wakilainisha mawe madogo kwa uangalifu mkubwa, na jioni bendi ya kiwanda chao ilikuwa jukwaani. Kijana wa leo akisikia kwamba kampuni ya almasi ilimiliki orkesta atadhani ni kichekesho. Wakati ule ndio uliokuwa utaratibu. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi, ikabadilika majina kila chama kilipobadilika, ikawa Juwata, ikawa OTTU, mpaka tukaizoea kwa jina la Msondo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Mabasi ya UDA yalikuwa na UDA Jazz, Polisi walikuwa na Polisi Jazz, Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz, na Mlimani Park ikaja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, lile la DDC.

Utaratibu huo ulikuwa na faida ambayo hatuitaji vya kutosha. Gitaa, vipaza sauti, seti ya ngoma na saksafoni ni vitu vya bei kubwa, na katika nchi iliyokuwa na uhaba wa fedha za kigeni hakuna mpiga gitaa ambaye angeweza kuviagiza kwa mfuko wake. Shirika lilinunua vyombo, likawaajiri wanamuziki, likawapa mshahara wa mwezi na gari la kusafiria. Mwanamuziki aliamka asubuhi akaenda mazoezini kama mwenzake anavyokwenda ofisini. Ukizisikiliza rekodi za miaka ile utayasikia mazoezi hayo: waimbaji wanaingia pamoja, ala za kupuliza zinajibu kwa wakati, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Mshikamano wa namna ile haupatikani kwa watu wanaokutana jukwaani Jumamosi na kuagana Jumapili. Walikaa pamoja miezi na miaka.

Hasara yake ilikuwa kwamba vyombo havikuwa vya mwanamuziki. Akigombana na uongozi aliondoka na nguo zake tu.

Mimi nimekulia kwenye kibanda cha fundi redio. Baba yangu alitengeneza redio hapa Makambako, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inakutana na ile ya Njombe na Songea. Mji wetu umezaliwa na njia. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976, na kipande chake kigumu kuliko vyote kilikuwa hiki cha kupanda kutoka Mlimba mpaka kwetu, milima mitupu, mahandaki na madaraja. Miaka ya 1980 ikaja lami ya Makambako hadi Songea. Kila aliyekuwa anakwenda kusini kabisa mwa nchi au anakwenda Zambia alipita hapa, akashuka, akanywa chai, akalalamikia baridi, akaendelea. Wengine walikosa gari wakalala. Mji wa watu wanaosubiri usafiri unahitaji muziki.

Redio zilizoletwa kwa baba zilikuwa nyingi za National, za mkulima na za mwalimu, zingine zimefungwa kwa mpira wa baiskeli ili mfuniko wa betri usidondoke. Betri tuliziita mawe. Mawe yakichoka yalianikwa juani yapate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari, na kama siku hiyo kulikuwa na ukungu, kama kawaida yetu, basi nyumba nzima ilikosa habari. Fundi hawezi kujua kama redio imepona bila kuisikia ikiimba. Kwa hiyo kibandani kwetu Radio Tanzania Dar es Salaam ilisikika tangu asubuhi mpaka baba anafunga. Salamu za wagonjwa, taarifa za vifo, Mazungumzo Baada ya Habari, mpira wa Simba na Yanga, na katikati ya hayo yote, dansi. Mimi kazi yangu ilikuwa kumshikia baba taa na kusafisha hedi za redio kaseti kwa pamba na spiriti. Nyimbo nilizijua kabla ya kujua maana zake.

Kabla ya Tancut, sauti iliyoipita nyingine zote kwenye kibanda kile ilikuwa ya Mbaraka Mwinshehe. Lazima nikae kwake kidogo, kwa sababu ni yeye aliyetuonyesha kwamba dansi linaweza kubeba msiba wa mkoa wetu, na alifanya hivyo akiwa mtu wa Morogoro.

Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, alipigwa risasi na kuuawa huko Isimani, upande wa barabara ya kwenda Dodoma. Aliyempiga alikuwa mkulima mkubwa wa mahindi, Said Mwamwindi. Ilikuwa siku ya kupumzika, mkulima yuko shambani kwake, na mkuu wa mkoa alikuwa akisukuma kwa nguvu zote siasa ya vijiji vya ujamaa katika eneo ambalo watu binafsi walikuwa wamefungua mashamba makubwa. Mwamwindi aliupakia mwili kwenye gari akaupeleka mwenyewe polisi mjini Iringa. Alishtakiwa, akahukumiwa kunyongwa. Chuo cha ualimu cha mjini Iringa kinaitwa Kleruu mpaka leo.

Mbaraka na Morogoro Jazz walitoa wimbo wa maombolezo uliobeba jina la marehemu, Dr. Kleruu. Ulipigwa redioni ukafika kila kona. Baba aliniambia kwamba ulipokuwa unaanza watu walinyamaza, hata waliokuwa wanabishania bei ya viazi. Lakini aliniambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba hawakunyamaza wote kwa sababu moja. Wapo waliomlilia kiongozi aliyeuawa. Wapo waliomfikiria mkulima anayengoja kitanzi, na ambaye hakuna bendi ingemwimbia. Wimbo ulikuwa mmoja, na waliokuwa wanausikiliza walikuwa na uchungu wa aina mbili ndani ya chumba kimoja. Nimeusikiliza mara nyingi nikiwa mtu mzima, na nadhani ukubwa wake uko hapo. Maneno yake yamesimama upande wa serikali, kama ilivyotarajiwa kwa wakati ule. Gitaa lake halikusimama upande wowote. Linalia tu, na kila mwenye msiba wake analikuta limemsubiri.

Mbaraka alijua kufanya hivyo kuliko mwanamuziki mwingine yeyote niliyemsikia. Alizaliwa mwaka 1944, mwaka uleule inaotajwa kuanzishwa Morogoro Jazz. Alijiunga na bendi hiyo katikati ya miaka ya 1960, akaenda nayo Japani kwenye maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka, na mwaka 1973 akatoka kuunda Super Volcano. Watu walimwita Soloist National, na hawakumpendelea. Shida, Mtaa wa Saba, Jogoo la Shamba, Mashemeji Wangapi: ukisikia noti tatu za mwanzo umeshamjua. Januari 1979 alifariki Mombasa kwa ajali ya gari, akiwa na miaka 34, nchi ikiwa katikati ya vita vya Kagera. Baba alisema msiba ule uliingia kwenye kibanda chake kama wa ndugu. Kwa siku kadhaa mtu akileta redio haikuulizwa ina ugonjwa gani. Iliwashwa kwanza kusikilizwa kama bado wanampiga Mbaraka.

Basi sisi tulikuwa watu wa kuliliwa na bendi za wengine. Morogoro walituimbia, Dar es Salaam walituimbia, hata Wazaire walituimbia kwa Kilingala tusichokielewa. Ndipo katikati ya miaka ya 1980 mtangazaji akaanza kulitaja jina jipya, akimalizia na neno ambalo lilimfanya baba aweke chini chuma cha kulehemu. Neno lenyewe lilikuwa Iringa.

Tancut Almasi iliingia katika miaka ambayo ushindani ulikuwa mkali mno. Sikinde na Msondo walikuwa wanachuana. Vijana Jazz ya Hemed Maneti ilikuwa kileleni. Maquis na Safari Sound zilikuwa na mafundi wa Kizaire waliolijua gitaa hasa. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake na jina la mtindo, na mashabiki walibishania mitindo hiyo mpaka wakakosana. Bendi ya mkoani, tena mkoa wa baridi ambao watu wa pwani waliudhania kuwa ni blanketi na ulanzi tu, haikutegemewa kuwatisha hao. Iliwatisha.

Nguvu yake kubwa ilikuwa mapacha, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Nani alikuwa anaimba sauti ya kwanza na nani ya pili? Tulibishana sana, na mara nyingi hatukupata jibu, kwa sababu sauti zao zilitoka koo moja. Waimbaji wawili wa kawaida, hata wakiwa hodari, husikika wakitafutana. Mmoja anavuta silabi, mwenzake anaiacha mapema. Hawa walivuta pamoja na kuacha pamoja. Kulikuwa na mahali walipopanda juu, sauti zikawa nyembamba, halafu zikateremka kwa hatua zilezile, na hapo ndipo watu wazima walipokuwa wakigeuza nyuso wakajifanya wanatazama barabarani. Kiswahili chao kilikuwa na ladha ya Zaire, na ladha hiyo iliwafanya waonekane kama wageni wanaosimulia shida zao kwa adabu, nyumbani kwa watu. Mji wetu ulikuwa umejaa wageni wanaosimulia shida zao. Tuliwaelewa mara moja.

Wimbo wao uliosambaa kuliko yote pengine ni Nimemkaribisha Nyoka. Jina lenyewe limeshamaliza hadithi: mtu amefungua mlango wake kwa mapenzi mema, akamwingiza aliyekuja kumuuma. Sikumbuki harusi, baa wala kilabu cha pombe ambamo jina la wimbo huo halikugeuzwa kuwa usemi. Mwenye duka akiibiwa na kijana aliyemlea, watu walisema amemkaribisha nyoka. Mke akigundua kwamba rafiki yake wa karibu ndiye adui yake, mashoga zake walimwambia hivyohivyo. Kwa maoni yangu hicho ni kipimo kizuri cha wimbo kuliko idadi ya santuri, ambazo kwa Tancut na wenzao zilikuwa shida kupatikana. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri. Kwa miaka mingi wanamuziki wetu walitegemea Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa kuanzia 1977 hadi 1983, njia hiyo ikawa ya taabu. Studio ya Radio Tanzania ndiyo iliyobaki kuwa mlango mkuu. Bendi ilikwenda Barabara ya Pugu, ikarekodi nyimbo zake kadhaa kwa siku moja au mbili, wote wakipiga kwa wakati mmoja, mikanda ikabaki maktaba ya redio, na bendi ikarudi nyumbani na malipo kidogo. Kutoka hapo wimbo ulikuwa wa nchi nzima, na mwenyewe hakupata kitu kila ulipopigwa.

Wasikilizaji nasi tulifanya kazi yetu. Mwenye redio kaseti alikaa kidole kiko juu ya vitufe viwili, cha kurekodi na cha kupiga, akisubiri mtangazaji amalize kusema. Watangazaji wengine walikuwa na tabia ya kuongea juu ya mwanzo wa wimbo, na sauti zao zimebaki kwenye kanda hizo mpaka leo. Baba alikuwa na kanda iliyojaa Tancut watupu, amezinasa moja moja kwa miezi. Madereva wa malori waliokuwa wanapita kwenda Tunduma walimwomba awanakilie. Aliwanakilia kwa bei ya kanda tupu na kidogo juu yake, na hivyo ndivyo mapacha wa Iringa walivyovuka mpaka wa Zambia wakiwa kwenye vyumba vya malori, utingo akipiga makofi kwenye dashibodi. Nililiona jambo hilo kuwa kubwa sana. Muziki wote niliokuwa naufahamu ulikuja kwetu kutoka mahali pengine. Huu ulikuwa unaondoka kwetu kwenda mahali pengine.

Masafa Marefu ndio wimbo ninaoupenda kuliko wote. Nitaeleza kwa nini, ingawa mwenye kuupenda wimbo huwa hana ushahidi mwingine zaidi ya kuupenda kwake. Nyimbo za dansi la Tanzania kwa kawaida zina sehemu mbili. Kwanza ni masimulizi: mwendo wa taratibu, waimbaji wanaeleza kisa, magitaa yanawafuata kwa chini. Halafu inakuja chemko. Mwendo unakaza, gitaa la solo linatoka mbele, ala za kupuliza zinapokea, waimbaji wanabaki na maneno machache ya kuitikia, na wachezaji wanajaa uwanjani. Bendi nyingi zilikuwa na masimulizi mazuri na chemko zuri, lakini ukiyaweka pamoja unaona mshono. Mtu analia, mara ghafla anacheza. Mafundi wa Tancut walijua kushona. Huzuni ya sehemu ya kwanza wanaingia nayo kwenye chemko, na unajikuta unacheza ukiwa bado na uzito kifuani. Nimewaona watu wa hapa wakicheza hivyo, macho yamefumbwa, miguu haiondoki mahali pake, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumaliza. Mchezo wa watu wa baridi huo. Wa Dar es Salaam hutokwa jasho.

Nyuma ya mapacha kulikuwa na wapiga vyombo ambao majina yao hayatajwi sana, jambo linalonisikitisha. Mmoja ambaye jina lake halijapotea ni John Kitime, mpiga gitaa aliyepita Tancut, akapiga pia na Vijana Jazz, kisha akajulikana sana akiwa na Kilimanjaro Band, wale wa Njenje. Namtaja kwa sababu mbili. Ya kwanza ni gitaa. Ya pili ni kwamba kwa miaka mingi amekuwa akihifadhi na kuandika habari za bendi za zamani, picha zao, waliopiga nini na nani, na amepigania haki za wanamuziki bila kuchoka. Bila watu kama yeye, bendi kama Tancut ingebaki kwenye vinywa vyetu sisi, nasi tunazeeka.

Kilichoimaliza Tancut ndicho kilichozimaliza nyingi za aina yake. Bendi ya shirika huishi kadiri shirika linavyoishi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mashirika ya umma yalikuwa hoi, na miaka ya 1990 yakaingia kwenye kurekebishwa na kubinafsishwa. Hakuna mhasibu anayebana matumizi ambaye ataanza na mashine akaiacha saksafoni. Wanamuziki nao walikuwa na desturi ya kuhama, bendi moja ikimnyang'anya mwenzake mwimbaji kwa kumwahidi nyumba au mshahara mnono, na Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa na ahadi nyingi. Bendi za mji mkuu wa biashara zilipokosa mfadhili ziliweza kusimama kwa viingilio vya mlangoni, kama Msondo na Sikinde walivyofanya. Iringa ulikuwa mji mdogo. Watu wake waliipenda bendi yao, lakini mapenzi ya mji mdogo hayatoshi kununua nyuzi za gitaa, mafuta ya gari na vipuri vya amplifaya mwezi baada ya mwezi. Mwaka 1994 zikaanza redio binafsi, zikaja na muziki wa nje na baadaye na vijana wa kizazi kipya. Tancut ikabaki kwenye vipindi vya zilipendwa.

Neno kuhusu vipindi hivyo. Navishukuru, kwa sababu ndivyo vilivyowafanya wanangu wamjue Mbaraka. Lakini mtangazaji anapopiga nyimbo kumi mfululizo na kusema tu kwamba hizo ni za kale, anawafukia tena waliozipiga. Vituo vya redio sasa viko mpaka Njombe na Makambako, vijana wetu wanatangaza, na ni haki kabisa wapige muziki wa rika lao. Wanapofika kwenye Tancut waseme basi kwamba hii ilipigwa Iringa, na bendi ya kiwanda cha Iringa, katika mkoa ambao na sisi tulikuwamo. Waseme Kasaloo, waseme Kyanga. Kisha wauache wimbo ufike mwisho, wasiukate chemko linapoanza kwa ajili ya tangazo la mbegu. Mara tano kati ya sita ndiko wanakokata, na huko ndiko gitaa lilikokuwa linaelekea tangu mwanzo.

Mikanda ya Radio Tanzania, ambayo leo iko chini ya TBC, ni hazina kubwa. Maelfu ya nyimbo yamo humo, mengi hayakuwahi kuwa santuri wala sidii, na mkanda wa sumaku hausubiri mtu. Unakauka, unaota ukungu, unanata. Baba alikuwa akiniambia kwamba kanda mbovu ikipigwa mara moja tu unaweza kuwa ndio mwisho wake, kwa hiyo ukiamua kuipiga hakikisha umeshaandaa ya kunakilia. Kazi ya kuihamishia kwenye kompyuta inahitaji fedha, fundi na umeme wa uhakika, na inahitaji mtu wa kukaa na kila mkanda tangu mwanzo hadi mwisho, asikilize. Natamani halmashauri za Njombe na Iringa ziombe nakala ya kila kilichorekodiwa na wanamuziki wa mikoa hii, ziweke maktaba zetu za mikoa. Tuna vyuo, tuna wanafunzi wa historia wanaotafuta mada. Bendi ya kiwanda cha almasi ni mada.

Kwa upande wangu nimeanza na nilizonazo. Kanda za baba ziko kwenye kasha la chuma lililokuwa la vifaa vyake. Nyingi ameandika kwa kalamu ya risasi, ufupi ufupi, T.A. upande mmoja na upande wa pili Mbaraka. Kijana mmoja hapa mjini, fundi simu, amenitafutia redio kaseti inayozunguka vizuri, akaifungia waya kwenye kompyuta yake, na kila nikipata nafasi tunapitisha kanda moja. Masafa Marefu imetoka safi. Butinini ina mkwaruzo mwanzoni na sauti ya mtangazaji juu ya gitaa. Nimemkaribisha Nyoka ilikatika katikati. Fundi ameiunga kwa gundi, na imepungua sekunde kadhaa mahali ambapo mapacha walikuwa wanapanda. Kama msomaji ana kanda yenye kipande hicho, imerekodiwa redioni wakati wowote, asiitupe na asiirekodie juu. Ailete Makambako, au aipeleke kwa fundi yeyote mwenye redio nzima na subira, na amwambie asipunguze wala kusafisha chochote mpaka wimbo wote uwe umeshaingia.